UZI: Kaboni yenye vitundu iliyotiwa nitrojeni. Zile anodi za mAh 1,000 na zaidi kwa gramu zinakwama wapi?

MkaaMweusi

Wakuu, salaam. Nimeona watu wanarushiana makala za anodi (upande hasi wa betri) za kaboni zinazobeba chaji mara tatu, mara tano ya grafiti, na kila mmoja anauliza mbona betri za simu hazibadiliki. Nimeona nifungue uzi tujadili kwa namba, maana bila namba tutaishia kushangilia vichwa vya habari.

Tuanze na grafiti yenyewe. Kwenye makala utakuta imeandikwa 372 mAh (miliampea-saa, kipimo cha chaji) kwa gramu. Namba hiyo unaweza kuipata mwenyewe kwa kikokotoo. Grafiti ikijaa, kila atomi sita za kaboni zinabeba lithiamu moja, LiC6. Atomi sita za kaboni zina uzito wa gramu 72 kwa moli. Moli moja ya elektroni ni mAh 26,801. Gawanya, unapata 372. Huo ndio ukomo wa lithiamu kujipanga kati ya tabaka za grafiti. Ukiona kaboni inadai 800 au 1,500, ujue sehemu kubwa ya lithiamu haikai kati ya tabaka. Inakaa kwenye kingo, kwenye kasoro, kwenye kuta za vitundu, au imeshaliwa na elektroliti (kimiminika kinachopitisha ioni ndani ya betri) na haitarudi tena. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Kaboni tunayoizungumzia ina mambo mawili. La kwanza ni vitundu: vidogo chini ya nanomita 2, vya kati kuanzia 2 hadi 50, vikubwa zaidi ya hapo. La pili ni atomi ngeni zilizopandikizwa ndani ya kaboni: nitrojeni, boroni, salfa, fosforasi, wakati mwingine mbili kwa mpigo.

Naendelea chini.

Msomaji Kimya

Nimeweka kambi. Shusha mkuu.

MkaaMweusi

Nitrojeni kwanza, maana ndiyo imeandikiwa zaidi. Ikiingia kwenye kaboni haikai mahali pamoja. Kuna inayokaa ukingoni, kwenye pete ya pembe sita, ikiwa na jirani wawili tu wa kaboni. Hii wanaiita ya piridini. Kuna ya pete ya pembe tano, ya piroli. Na kuna ile iliyomng'oa kaboni katikati ya tabaka ikakalia kiti chake ikiwa na majirani watatu. Hii ni ya grafiti. Tofauti si ndogo. Ya grafiti inaleta elektroni ya ziada, umeme unapita vizuri, lakini lithiamu haivutwi nayo sana, kwa sababu lithiamu nayo inatafuta pa kuachia elektroni yake. Ya piridini, hasa ikiwa imezunguka tundu kwenye tabaka, ndiyo inayoikamata lithiamu. Kwa hiyo mtu akikwambia "kaboni yangu ina nitrojeni asilimia 10", swali linalofuata ni: asilimia 10 ya ipi?

Boroni ni kinyume, ina upungufu wa elektroni moja na inapokea vizuri kile lithiamu inachoachia. Salfa na fosforasi ni atomi kubwa kuliko kaboni, zinachofanya zaidi ni kutanua nafasi kati ya tabaka.

Jinsi ya kutengeneza: unachoma malighafi yenye nitrojeni tayari, au unachanganya na melamini au yurea kisha unaingiza tanuruni bila oksijeni, au unapitisha gesi ya amonia juu ya kaboni ya moto. Njia iliyopata jina ni ya ZIF-8, fuwele za zinki zenye vitundu na nitrojeni nyingi. Mwaka 2014 ilitoka kazi kwenye Nature Communications: walichoma ZIF-8 kwa nyuzijoto 800, wakapata kaboni yenye nitrojeni karibu asilimia 18 kwa uzito, na uwezo wa 2,132 mAh kwa gramu baada ya mizunguko 50 ya kuchaji na kutoa chaji, kwa mkondo wa mA 100 kwa gramu.

Volti_Ndogo

Mkuu, hiyo 2,132 ni ya 2014. Simu niliyoshika sasa hivi ina grafiti. Mtu wa kawaida ataelewaje?

MkaaMweusi

Ndiyo hapo. Sikiliza hesabu hii, nimeitunga kwa mfano tu ila namba zake ni za aina unayoikuta kila siku kwenye kaboni za namna hii.

Mzunguko wa kwanza, anodi inameza mAh 1,500 kwa gramu. Ukiitoa chaji, inarudisha 800. Mia saba zimebaki ndani. Zimeenda wapi? Elektroliti ikifika chini ya kama volti 0.8 dhidi ya lithiamu inaanza kuvunjika na kujenga utando juu ya kaboni. Utando huo tunauhitaji, bila huo elektroliti ingeendelea kuvunjika kila siku. Tatizo ni kwamba unajengwa kwa lithiamu, na unafunika kila sehemu ambayo elektroliti inaigusa. Grafiti ya kibiashara ina mita za mraba chache tu kwa gramu. Kaboni iliyochomwa na potasiamu hidroksidi inapita 2,000 bila shida.

Sasa weka anodi hiyo kwenye seli kamili. Lithiamu yote inatoka kwenye kathodi (upande chanya), hakuna ghala lingine. Kathodi ya fosfeti ya lithiamu na chuma (LFP) inatoa kama mAh 150 kwa gramu. Gawanya 700 kwa 150: gramu 4.7 za kathodi zimekufa siku ya kwanza kwa ajili ya gramu moja ya anodi. Kwa grafiti, kubeba hizo 800 unahitaji gramu 2 na robo hivi, inapoteza kama asilimia 10 mara ya kwanza, kathodi inayokufa haifiki hata gramu moja. Umeokoa gramu moja na robo ya anodi, umelipa zaidi ya gramu 4 za kathodi. Na kathodi ndiyo ghali.

Bi_Elektroni

Niongezee kwa niaba ya tunaokaa maabara. Kwa nini hasara hiyo haionekani kwenye vichwa vya habari? Kwa sababu majaribio mengi ni ya nusu-seli. Unachukua betri ya kitufe, upande mmoja kaboni yako, upande wa pili kipande kizima cha chuma cha lithiamu, yaani lithiamu tupu. Lithiamu iko tele kupita kiasi. Utando ukila 700, chuma kinatoa 700 nyingine bila kulalamika, na grafu ya mizunguko 500 inatoka imenyooka kama rula. Mzunguko wa kwanza unakuwa doti moja juu kabisa kushoto, wengine hata wanaukata.

Na kuna jambo la volti, ambalo kwangu ni zito kuliko hata utando. Grafiti inafanya kazi karibu na volti 0.1 hadi 0.2. Kaboni yenye vitundu na nitrojeni haina tambarare (sehemu ya grafu ambapo volti inatulia), ina mteremko mrefu kutoka volti 0 hadi 3, na ukiitoa chaji sehemu kubwa inatoka juu ya volti 1. Kathodi ya volti 3.4 pamoja na grafiti inakupa seli ya kama 3.2. Ukiweka anodi yenye wastani wa volti 1, seli inakuwa 2.4. Umepoteza robo ya nishati kabla hujafika popote. Makala ikihesabu "uwezo hadi volti 3", mimi huchora mstari kwenye volti 1 na kusoma upya. Mara nyingi ile 1,000 inabaki 400.

Kingine, grafu ya kuingia na ya kutoka hazipandani. Unachaji kwa volti hii, unapata kwa volti nyingine kabisa. Tofauti hiyo inageuka joto.

Tanuru800

Bi Elektroni umegusa penyewe. Mimi naongeza ujazo. Kaboni hizi ni unga mwepesi, ukipumua inapeperuka. Ukipaka kwenye karatasi ya shaba kwa unene uleule wa grafiti unapata uzito mdogo sana. Maabara wanapaka miligramu 1 kwa sentimita ya mraba, kiwandani ni kama 10. Ukijaribu kupaka 10 za unga huu, zinanywa gundi yote, zikikauka zinapasuka kama tope la kiangazi. Betri ya simu haina shida ya gramu, ina shida ya nafasi.

Volti_Ndogo

Nimefanya hesabu kidogo nikiwa nawasoma. Kama utando una unene wa nanomita 5 tu na eneo ni mita za mraba 2,000 kwa gramu, ujazo wa utando unakuwa sentimita 10 za ujazo kwa gramu moja ya kaboni! Haiwezekani, vitundu vyenyewe vyote kwa pamoja ni kama sentimita 1 au 2 za ujazo. Sasa nani anadanganya?

Bi_Elektroni

Hakuna anayedanganya, na hiyo hesabu ni nzuri sana, niliwahi kuwapa wanafunzi kama zoezi. Inakuonyesha kwamba utando haufuniki kila ukuta. Kitundu cha nanomita 1 hakiwezi kubeba utando wa nanomita 5. Kinachotokea ni kwamba mdomo unazibwa, au elektroliti iliyomo ndani inaishia humohumo. Lile eneo la 2,000 lilipimwa kwa gesi ya nitrojeni kwenye nyuzi hasi 196, kaboni ikiwa kavu. Baada ya mzunguko wa kwanza hakuna anayejua kwa kipimo hicho ni kiasi gani bado kinatumika. Kwa hiyo kusema "uwezo umeongezeka kwa sababu eneo ni kubwa" ni maelezo ya haraka mno.

mwana_kemia

Samahani wakuu, mimi ni mgeni kwenye mada. Si unaweza kuijaza anodi lithiamu kwanza kabla ya kuifunga kwenye seli, ili hasara ya mwanzo iishe?

MkaaMweusi

Inawezekana na inafanyika, kwa unga wa lithiamu, kwa kugusanisha na chuma cha lithiamu, au kwa kemikali. Inahitaji chumba kikavu mno, na anodi iliyojazwa haipendi hewa hata kidogo. Inatibu hasara ya mzunguko wa kwanza. Volti na wepesi wa unga vinabaki palepale.

mwana_kemia

Nimeelewa mkuu. Swali la pili: wanasema kaboni hizi ni kwa ajili ya sodiamu zaidi, kwa sababu sodiamu ni kubwa haiingii kwenye grafiti. Ndivyo?

Grafiti_Mzee

Kijana, hapo kuna jambo linarudiwa kila siku na halijakaa sawa. Ioni ya lithiamu ina nusu-kipenyo cha kama nanomita 0.076, sodiamu 0.102, potasiamu 0.138. Kama tatizo ni ukubwa, potasiamu ingeshindwa kabisa. Lakini potasiamu inaingia kwenye grafiti vizuri tu hadi KC8, mAh 279 kwa gramu. Sodiamu katikati yao ndiyo inayokataa, unapata chini ya mAh 35.

Sababu ni ya nishati. Kuingia kati ya tabaka kuna gharama ya kutanua na kuna faida ya kushikana na kaboni. Lithiamu inashikana na kaboni vizuri sana, potasiamu inaachia elektroni yake kirahisi zaidi, sodiamu imekaa pabaya katikati, faida haifikii gharama. Na ushahidi mwingine: mwaka 2014 walionyesha kwamba sodiamu ikiingia imevaa koti la molekuli za daigilaimu (kiyeyushi cha elektroliti), yaani ikiwa kubwa zaidi, grafiti inaipokea, kama mAh 100 kwa gramu, na inarudi vizuri mizunguko mingi. Kubwa zaidi ndiyo iliyoingia.

mwana_kemia

Aisee. Hii sijawahi kuisikia popote darasani.

Grafiti_Mzee

Ngoja basi nikupe na historia. Mwaka 1951 Rosalind Franklin, huyu wa DNA, alizigawa kaboni mafungu mawili: zinazogeuka grafiti ukizipa moto mkali, na zisizogeuka hata ukizifikisha nyuzi 3,000. Hizo za pili ndizo tunazoziita kaboni ngumu leo. Mwaka 2000 Stevens na Dahn walichoma glukosi, wakapata kaboni ngumu iliyobeba sodiamu mAh 300 kwa gramu. Karibu miaka hamsini ile kaboni ilikuwa ikisubiri kazi.

Na kaboni ngumu ni kaboni yenye vitundu, lakini si vitundu mnavyovisifia ninyi. Vyake vimefungwa.

MkaaMweusi

Mzee umeniwahi, hiki ndicho nilitaka tufike.

Kitundu kilicho wazi kinaingiza elektroliti. Elektroliti ikiingia, utando unajengwa, lithiamu au sodiamu inaliwa. Kitundu kilichofungwa elektroliti haikioni. Ioni inapenya kupitia tabaka za kaboni ikiwa peke yake, inafika ndani, na sodiamu inajikusanya humo karibu kama chuma chenyewe. Kwenye grafu unaona tambarare ndefu chini ya volti 0.1. Yaani uwezo unapatikana kwenye volti unayoitaka, na hasara ya mwanzo ni ndogo, mzunguko wa kwanza unarudisha asilimia 80 na kuendelea.

Sasa angalia mgongano na kupandikiza nitrojeni. Kufunga vitundu kunahitaji moto wa nyuzi 1,200 hadi 1,400. Kwa moto huo nitrojeni nyingi inaondoka kama gesi. Ukibaki kwenye 700 au 800 ili uilinde nitrojeni, vitundu vinabaki wazi na kingo zimejaa kasoro. Huwezi kupata vyote kwa mchomo mmoja, na makala nyingi zinachagua upande wa nitrojeni kwa sababu ndio unaotoa namba kubwa kwenye nusu-seli.

Nitro_N

Jamani msiizike nitrojeni mapema hivyo. Mimi nafanya kazi ya potasiamu na nawaambia kwamba kwa kuchaji haraka kaboni iliyopandikizwa inaipiga grafiti. Potasiamu ikiingia kwenye grafiti inazitanua tabaka kwa zaidi ya nusu, grafiti inachanika polepole. Kwenye kaboni yenye kingo nyingi za piridini, potasiamu inashikwa juu juu, haitanui kitu, inaingia na kutoka upesi. Kama kifaa kinataka nguvu ya ghafla na si kukaa na chaji siku nzima, mteremko wa volti una faida moja: uko mbali na volti 0, kwa hiyo potasiamu tupu haijikusanyi juu ya anodi ikaota miiba ya kutoboa kitenganishi kilicho kati ya anodi na kathodi.

Na salfa pia. Kwa sodiamu, salfa iliyofungwa kwenye kaboni inafanya mmenyuko wa kweli unaorudi nyuma, uwezo wake si wa kubuni. Ndiyo, unatoka juu ya volti 1, nakubali.

Bi_Elektroni

Nitro_N nakubaliana nawe kwenye nguvu ya ghafla. Ninachodai ni jina tu la kazi: iwe anodi ya kifaa kinachofanana na kapasita, isiuzwe kama mbadala wa grafiti. Na tafadhali mkipima, pimeni masizi mnayochanganya kupitisha umeme. Yenyewe yanabeba chaji kiasi, na ukiweka asilimia 20 ya masizi kisha ukagawanya kwa uzito wa kaboni yako peke yake, umejizawadia mAh ambazo si zako.

Tanuru800

Mbona hamjataja silikoni? Kazi ya maana kuliko zote ya kaboni yenye vitundu iko huko. Silikoni inafika karibu mAh 3,600 kwa gramu, lakini ikijaa inavimba karibu mara nne ya ujazo wake, inajisaga yenyewe. Kwa hiyo unachukua kaboni yenye vitundu, unapitisha gesi ya silani (yenye silikoni), silikoni inajijenga ndani ya vitundu ikiacha nafasi. Ikivimba, inavimba humohumo. Kisha unaifunika kwa ngozi ya kaboni ili elektroliti isiingie. Hiyo imeshatoka maabara, kuna viwanda.

Vitundu havibebi lithiamu hapo. Vinabeba nafasi tupu.

Volti_Ndogo

Nimependa hiyo. Sasa kwa anayetaka kujaribu mwenyewe, kuanzia maganda ya nazi au mabua, aanzie wapi?

Tanuru800

Kwanza majivu. Mimea ina potasiamu, kalsiamu, silika. Osha kwa asidi, kisha maji hadi maji yatoke bila asidi. Watu wanaruka hatua hii halafu wanasifia "upandikizaji wa asili" kumbe ni chumvi.

Pili, kama unatumia potasiamu hidroksidi, soma hapa polepole. Juu ya nyuzi 400 hivi inaanza kula kaboni: inatoa haidrojeni, kabonati, na potasiamu ya chuma. Ukifika 760 na kitu, potasiamu inachemka na mvuke wake ndio unaopasua tabaka na kuchimba vitundu. Mvuke huo unakwenda kuganda kwenye ncha za bomba la tanuru zilizo nje ya joto. Ukiona utando wa kung'aa pale baada ya kupoa, usimwage maji, usifungue kwa pupa. Acha agoni ipite, iache tanuru ipoe kabisa, sampuli ilowekwe kwa ethanoli kwanza, kidogo kidogo, ndani ya kabati la kufyonza hewa. Na tumia chombo cha nikeli. Kauri na kwazi zinaliwa.

Tatu, kwa sodiamu paka kwenye karatasi ya alumini, hakuna haja ya shaba. Sodiamu haiungani na alumini, lithiamu ndiyo inayoungana nayo kwenye volti za chini. Ni nyepesi na bei yake ni ndogo.

mwana_kemia

Mkuu, mimi tayari nina kaboni yenye vitundu wazi, eneo limepita 1,000. Ndiyo basi tena kwa sodiamu?

MkaaMweusi

Hapana, usiitupe. Kuna njia ya kuziba midomo bila kujaza tumbo. Unapitisha methani juu ya kaboni yako ikiwa moto, kaboni ya methani inajijenga kwenye midomo ya vitundu hadi ibaki chini ya nanomita 0.4. Elektroliti haipiti, sodiamu inapita. Ukizidisha muda unajaza vitundu vyote na umetengeneza jiwe, kwa hiyo toa sampuli kila baada ya muda.

Utajua umefika kwa vipimo viwili. Gesi ya nitrojeni itakuonyesha eneo limeporomoka kutoka 1,000 hadi mita chache tu, kwa kuwa molekuli yake ni karibu 0.36 na haipiti tena kwenye midomo hiyo. Hapo bado hujui kama umefunga au umejaza. Pima uzito mahususi kwa heliamu, na kama mnaweza, eksirei ya pembe ndogo, inayoona hata vitundu vilivyofungwa. Tambarare ya chini ya volti 0.1 ikirefuka na hasara ya kwanza ikipungua kwa pamoja, umefunga. Hasara ikipungua lakini tambarare haipo, umejaza.

mwana_kemia

Heliamu tunayo. Eksirei ya pembe ndogo nitaomba foleni. Nitaweka grafu hapa, na mzunguko wa kwanza sitaukata.